Kipimo Kile Kile

Jumanne, 4 Novemba

Niko soko la vitambaa la Zhongda tangu saa tatu asubuhi. Miguu imevimba. Mama Rukia, mfanyabiashara wa vitambaa wa Kariakoo ninayemtafsiria kila akija Guangzhou, kagombana na wauzaji wanne, kanunua kwa wa tano. Ukiwauliza kama roli hii ya kitambaa na ile ni sawa, jibu ni moja: yiyang, yiyang. Ni ile ile. Yeye haamini mtu. Anachomoa uzi, anauwasha kwa kiberiti, ananusa majivu. Kanicheka: "Miaka minne unasomea rangi za vitambaa, hata kunusa hujui?"

Katikati ya zogo hilo Kaka Shabani kaandika. Yuko Pretoria, ana gereji ya matairi, na wazimu wake siku hizi ni klabu ya shabaha. Leseni anayo, bastola ya silinda anayo, risasi anajijazia mwenyewe. Anayeyusha vile vizito vya kubalansia matairi, anamimina kwenye kalibu, anapata vichwa vya risasi. Maganda yaliyokwishapigwa anayatia baruti upya. Baruti aliyoizoea, ya kopo la kijani, imeadimika. Dukani kapewa kopo la bluu. Picha mbili: makopo, na punje kiganjani. "Daktari, hii inafaa kwa vichwa vyangu? Na kipimo je?" Mzee aliyemfundisha amesafiri, na kitabu chake ni cha zamani, hakina hii ya bluu.

Nimezitazama huku Mama Rukia ananivuta mkono. Punje nyeusi, bapa, ndogo. Zote mbili. Nikamrekodia: "Ni ile ile, Kaka. Kipimo kile kile."

Sijui lolote kuhusu baruti. Lakini nyumbani mimi ni Daktari tangu siku nilipopata ufadhili. Naulizwa dawa za presha, mikataba ya viwanja, betri za simu. Sijawahi kushindwa kujibu.

Jumatano, 5 Novemba

Maabara. Xiao Lin, mwenzangu wa meza moja, kapima unga wa rangi nyekundu aina mbili. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ya pili ukiitia kwa kipimo cha ya kwanza, kitambaa kinaungua. Kasoma lebo mara mbili ndipo akapima. Nikakumbuka yale makopo mawili ya Kaka.

Nikafungua kompyuta, saa nzima. Iko baruti inayowaka upesi na inayowaka taratibu, na sura haisemi kitu. Vichwa vya madini laini havitaki kasi kubwa, vinaacha uchafu kwenye mtutu. Watu huvichagulia baruti inayowaka upesi, kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo ya bluu inafaa. Hapo nilibahatisha. Lakini inawaka upesi kuliko ya kijani, na kipimo cha kijani kwake ni kingi mno. Kila mwandishi anarudia jambo moja: usihamishe kipimo cha baruti moja kwenda nyingine.

Nikaandika, "Kaka, nilikosea." Nikafuta. Kwenye kundi la familia kashatangaza: Daktari kathibitisha. Mama, kule Tanga, kaweka mikono ya dua sita.

Shindano ni Jumamosi. Bado mapema. Nitatafuta namna nzuri ya kusema.

Alhamisi, 6 Novemba

Sijamwambia.

Profesa kasifu jedwali langu. Nikajibu xiexie, asante, sikusikia alichosema baadaye. Mara nne nimeishika simu. Aibu tu, hakuna kingine. Naogopa kusikika mjinga mbele ya kaka aliyeuza pikipiki yake ili nipate nauli ya kuja huku.

Ijumaa, 7 Novemba

Saa nane mchana kaleta picha. Risasi hamsini zimepangwa mezani kama kashata. Chini kaandika: "Mchango wa Daktari."

Nikaandika yote bila kuremba: usizipige hata moja, nilikosea, zitapasua bastola. Nikatuma. VPN ikagoma papo hapo. Bila hiyo huku WhatsApp haifunguki. Hakuna tiki, ni kile kisaa cha kusubiri tu. Nimebadilisha seva mara kumi. Kisaa kile kile.

Laini yangu haipigi nje ya nchi. Ningeweza kutoka kutafuta ya mtu. Sikutoka. Nilijisemea mtandao utarudi tu, na kwa kuwa nimeshaandika nikajiona nimetua mzigo. Nikapika wali. Nikala, tena nikashiba.

Jumamosi, 8 Novemba

Bado hakuna tiki. Alfajiri yao ndiyo mchana wetu, nikajihesabia nina muda. Nimekimbia hadi hoteli ya Mama Rukia, barabara ya Huanshi Zhonglu. Yeye ana laini ya Tanzania. Kanipa simu.

Akapokea Wifi Zuhura. Kaka ameshatoka, shindano limewahishwa. Simu kaiacha kwenye chaji.

Nikasema asipige. Wifi, mwambie asipige! Akauliza asipige nini. Nilipomweleza akakata ili awapigie klabu.

Tukakaa kitandani, mimi na Mama Rukia, katikati ya mifuko yake ya sampuli. Akanimenyea chungwa, nikalishika tu. Baada ya nusu saa simu ikalia. Silinda imepasuka kwenye risasi ya pili. Yu hai. Macho mazima, alivaa miwani. Kidole gumba cha kulia kimekatika kwenye kiungo.

Mama Rukia kasema, "Alhamdulillahi, ni kidole." Ni kidole cha fundi wa matairi.

Jumapili, 9 Novemba

Mtandao umerudi wenyewe asubuhi. Tiki mbili. Ujumbe umefika ukiwa na tarehe ya Ijumaa.

Wifi kaurusha kwenye kundi la familia, wote wameuona. Mama kaandika kwamba mwanawe alijitahidi, ila nchi ya watu ina mambo yake. Mjomba kawalaani waliofunga WhatsApp. Kaka karekodi akiwa hospitali, ulimi mzito wa dawa: "Mdogo wangu, usijilaumu. Kukosea kila mtu anakosea. Ulipogundua tu ukaniandikia. Ni huo mtandao wa Wachina wako."

Nikajibu: "Ndiyo, Kaka. Mtandao."

Nimelisema hilo. Mimi. Kwa sauti yangu.

Jumanne, 11 Novemba

Siwezi kula. Xiao Lin kaniletea uji wa mchele, nimeuacha ukapoa. Wifi anasema Kaka anajifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, na kwamba ananisifia kwa kila muuguzi.

Siku mbili. Jumatano mpaka Ijumaa mtandao ulikuwa mzima kabisa. Niliutumia kutazama video za mapishi.

Alhamisi, 13 Novemba

Mficha uchi hazai. Mama ndiye anayependa kuusema msemo huu. Leo umenikaa kooni kutwa.

Nimempigia Kaka saa kumi jioni, kwao asubuhi. Jana karuhusiwa hospitali, leo yuko gereji. Nilitaka kuandika, nikaona kuandika ni kujificha tena. Nikamwambia: nilijua Jumatano. Saa tano asubuhi nilikuwa nimeshajua. Niliona haya. Mtandao haukuwa na kosa mpaka Ijumaa, na hata Ijumaa ningeweza kutafuta simu, nikapika wali.

Nyuma yake nikasikia mashine ya kutoa matairi, kuna mtu anaiendesha vibaya.

"Jumatano," akasema.

"Jumatano, Kaka."

"Mimi nilizijaza Alhamisi jioni."

Akakata. Sikujua hilo. Siku nzima ilikuwapo na hapakuwa na risasi hata moja.

Jumamosi, 15 Novemba

Kimya. Namwona yuko hewani, kisha anatoka. Simlaumu.

Nimekwenda Zhongda na Mama Rukia, safari yake ya mwisho kabla ya kuondoka. Kashika roli mbili za kitambaa cha satini, kaniuliza kama zikifuliwa zitachuja sawasawa. Nikasema sijui, tuombe kipande tukafue. Kaniangalia sana. Kisha akatoa mkasi.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua ndogo. Baridi ya kwanza ya mwaka.

Mama kaweka picha kwenye kundi la familia. Vidonge vyake vya presha na vingine alivyopewa duka la dawa, vyote vyeupe, vyote vya mviringo. "Daktari, hivi si ndivyo vile vile?"

Nikaandika: "Sijui, Mama. Usimeze. Kesho mrudie daktari aliyekuandikia, umwonyeshe."

Mama kajibu: "Haya mwanangu." Mjomba kacheka, Daktari mzima hajui vidonge.

Baadaye, chini ya jibu langu, Kaka kaweka kile kidole gumba cha kwenye simu.

Nimekitazama kwa muda. Kisha nikaenda kuanua nguo zisilowe.