Gari Lisilo na Vioo, Balangdalalu

Shikamoo mama. Huku Hanang mvua haikatiki, ila tu wazima.

Gari-nyumba, lile la kulala ndani safarini, alilokodi mkweo Elia halina vioo vya pembeni. Lina kamera, na picha anaiona kwenye skrini mbele yake. Njia nzima alinieleza kwamba vioo ni vya watu wa zamani.

Jana Balangdalalu tulikutana na lori la mbaazi penye njia nyembamba, ikabidi sisi turudi nyuma. Kamera zilikuwa zimejaa tope, skrini ikawa kahawia tupu, na upande wa kushoto kulikuwa na korongo refu. Nikashuka kwenye mvua, nikapiga kelele: "Njoo! Kata kulia! Simama, Elia, simama!" Akasimama tairi likiwa ukingoni kabisa.

Mama mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe akaniuliza, "Gari kubwa hivi, anaonaje nyuma?"

Elia akatoa kichwa dirishani. "Kwa kamera, mama."

Yule mama akanitazama nilivyolowa tope hadi magotini.

"Pole sana, Kamera," akasema.

Jifunike vizuri, mama, baridi isikuumize. Na mkweo mcheke taratibu tukifika, maana ndiye anayeturudisha nyumbani.

Mwanao, Neema