Hatuna Neno, Bwana

Isansa, Mbozi
12 Juni 1951

Mwanangu mpendwa Fanueli,

Salamu nyingi zikufikie huko Mufulira. Mimi mzima, ila magoti yananisumbua. Hujaoa msichana wa Kibemba wa huko bado? Nauliza mapema, nisije nikakosa lugha ya kumsalimia mkwe.

Ningekutania zaidi, lakini moyo umekataa. Mdogo wako Kasiani ameumia. Mashine ya kumenya kahawa kule shambani kwa mzungu ilimvuta mkono kwenye mkanda, na hospitali ya misheni wameukata juu ya kiwiko. Ni mkono wa kulia, Fanueli. Mkanda ule ulikuwa na kifuniko cha mbao. Kilivunjika kabla ya Pasaka, hakikurudishwa. Kasiani anasema nyapara Anyitike alimwambia Bwana, naye akajibu kwamba kahawa haimngoji seremala.

Bwana mwenyewe alikuja kunipa pole, na karani wake, wakaleta blanketi na sukari. Niliwapokea kwa mikono miwili. Aliponiuliza kama nina la kusema, nikamjibu, "Hatuna neno, Bwana." Akashukuru, akaenda zake.

Barua hii anaibeba jirani yetu Elina mpaka Tunduma, atampa dereva wa lori.

Mama yako,
Tabita

Mufulira
3 Julai 1951

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili tu. Nilianza kuisoma barua yako nimesimama, nikamaliza nimeketi chini.

Mama, yule hakuwa mgeni wa kawaida. Ndiye mwenye mashine. Huku mgodini watu wanaumia, na tumejifunza jinsi shauri linavyokwenda. Si kila maumivu yana mwenye kosa, jiwe linaweza kuanguka pasipo mtu kulijua. Lakini anayekuweka kwenye kazi yake ana wajibu wa kukulinda katika kazi hiyo. Shauri linauliza: je, aliiona hatari, au mtu mwangalifu angeiona? Je, alifanya nini? Bwana aliambiwa, akaiacha. Hiyo si bahati mbaya, ni wajibu uliotupwa.

Nenda boma, umwambie Bwana Shauri, yule mzungu wa serikali anayeamua kesi. Anyitike ashuhudie. Na lile jibu la "hatuna neno" usilirudie tena, nakuomba.

Mwanao,
Fanueli

Isansa
30 Julai 1951

Mwanangu Fanueli,

Nakusalimu, na nakuombea uzima. Sisi huku tupo, ndivyo naweza kusema.

Tulikwenda boma. Karani wa shamba alisimama akasema, "Mama huyu alitamka mwenyewe kwamba hawana malalamiko." Nikasema ile ilikuwa adabu! Mtu akija kukupa pole, ukimwambia una neno naye, umemfukuza mlangoni. Watu wakacheka. Bwana Shauri akaniuliza kwa nini basi sikusema nilichomaanisha, nikasema kwetu kila mtu angeelewa.

Anyitike aliapa kwamba hakumwambia Bwana lolote. Ana watoto na anakula kwa kazi ile, simlaumu. Hapana, nasema uongo, namlaumu sana.

Ikaamuliwa kijana alikuwa mzembe. Kasiani alikuwepo, mkono wa shati umefungwa kwa pini, akalisikia neno hilo mbele ya watu wote. Tangu hapo hali chakula. Kidonda kimeanza upya kutoa usaha, na homa haishuki. Jana ameniuliza, "Mama, labda kweli ni mimi niliyezembea?" Niandikie wewe, anakusikiliza.

Mama yako,
Tabita

Mufulira
17 Agosti 1951

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii msomee Kasiani wewe mwenyewe.

Kasiani, mdogo wangu, huna kosa. Hata kama ulichoka, hata kama macho yalipotea kidogo, kila mtu huchoka. Kifuniko huwekwa kwa ajili ya watu waliochoka. Aliyeacha kisirudishwe ndiye aliyezembea. Usimwachie mtu mwingine akuambie vinginevyo, hata akiwa na kofia ya serikali.

Nimepewa ruhusa ya mwezi wa tisa. Nitashuka Tunduma, tutarudi boma pamoja, na Anyitike nitazungumza naye kwa upole, naahidi. Kula, bwana. Ukikonda nitakubeba mgongoni kama zamani.

Mwanao na kaka yake,
Fanueli

Isansa
4 Septemba 1951

Mwanangu Fanueli,

Bwana Yesu akutie nguvu popote utakapoisomea barua hii. Keti kwanza.

Kasiani tumemzika Jumamosi. Homa ilimshinda. Barua yako imefika jana, nimeisoma peke yangu.

Anyitike alikuja mazishini. Alisimama kabla hatujafukia, akasema kwa sauti kwamba alimwambia Bwana juu ya kifuniko, tena zaidi ya mara moja, na kwamba aliapa uongo. Alilia mpaka wanaume wakamshika. Anasema yuko tayari kwenda boma. Basi njoo, tutakwenda, nami safari hii nitasema mpaka wanifukuze.

Lakini kuna jambo, nakuambia wewe tu. Siku aliyokufa, Kasiani alinishika kwa mkono uliobaki. Akasema, "Mama, nisamehe kwa uzembe wangu, nimekuletea aibu." Nilitaka apumzike, Fanueli. Nilitaka aache kuhangaika.

Nikamwambia, "Nimekusamehe, mwanangu."

Mama yenu,
Tabita