Nilichokifunga Kifuani Pale Mlowo

Kigamboni,
mwezi wa saba

Kwako mama yangu,

Shikamoo mama. Hata kama umenuna, itikia kwanza, kisha uendelee kununa. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Kahawa mmeanza kuchuma, au bado mnasubiri ile ya bondeni iive? Sisi huku wazima, mimi na mkweo Yusto, ila yeye mafua hayambanduki.

Barua hii anakuletea mzee Shaibu, dereva wetu wa kazini, ambaye anapita tena huko kwenda Tunduma. Mpe chai ya moto tafadhali, maana ni mtu wa Bagamoyo na baridi ya Mbozi inamtoa machozi. Nimeandika kwa sababu simu yangu umeikataa. Bahati ameniambia kila kitu. Ameniambia jinsi mama mdogo alivyoacha parachichi zake Mlowo akaja mbio Igamba na habari kwamba mimi Tumaini nimepita na mtoto mchanga kifuani, na sikuona haja ya kufika nyumbani kumwonyesha bibi yake. Akaniambia na maneno yako, kwamba anayekuficha mjukuu hana mama. Alinong'ona kama vile yeye ndiye mwenye kosa, mdogo wangu maskini. Basi soma mwenyewe, polepole, usimpe Bahati akusomee kwa sauti.

Mama, hakuna mtoto. Nilichokifunga kifuani siku ile ni matumbawe.

Najua umeiweka barua chini na kusema, "Huyu ananichezea." Ichukue tena. Unakumbuka nilikwambia kazi yangu ni bustani, nawe ukacheka, bustani gani ya baharini? Ndiyo hiyo. Tumbawe ukiliona utasema ni jiwe, lakini lina uhai, linakula na linakua. Sisi tunayakata vipande kama wewe unavyokata vipando vya mihogo, tunavibandika kwenye visahani vidogo vya saruji, tunavilea ndani ya maji ya chumvi mpaka vishike. Sasa kuna hoteli moja huko Zambia imejenga tangi kubwa la kioo ukumbini, wakaagiza vipande hamsini kutoka kwetu. Vibali vyote tulikuwa navyo, vyenye mihuri mingi kuliko cheti changu cha ndoa. Gari lao lilikuwa litupokee mpakani Tunduma kabla ya saa tano asubuhi.

Kuvisafirisha ndiyo kazi yenyewe. Kila kipande kinakaa peke yake kwenye mfuko wa nailoni, maji ya bahari theluthi moja, na sehemu iliyobaki tunaijaza hewa ya mtungi, ile wanayowawekea wagonjwa, kisha tunafunga kwa mpira. Huwezi kuweka viwili pamoja, vitachomana kama wake wenza. Mifuko inapangwa ndani ya yale maboksi meupe mepesi ya kubebea samaki. Jua hawalitaki, mitikisiko hawaitaki, joto hawalitaki, na baridi ndiyo hawaitaki kabisa. Wakipita siku moja na robo humo ndani, umezika. Mzee Shaibu aliendesha kama amebeba bibi harusi.

Tulitoka jioni, tukapambazukiwa Makambako. Hita ya gari imekufa tangu mwaka jana, na kila mtu kazini anasema Dar ni joto, ya nini? Mimi mtoto wa Igamba ndiye niliyepaswa kusema, jamani, mwezi wa saba kwetu mtu anaota moto mchana. Sikusema. Nimekaa pwani mpaka nimesahau baridi ya kwetu, aibu yangu hiyo. Halafu Igawa tuta moja likatupokea vibaya, boksi dogo likapasuka ubavuni. Kufika Mlowo saa tatu nikasoma kipimajoto. Maji yalikuwa yamepoa mno. Nilimwambia mzee Shaibu, "Simama hapa, la sivyo tunapeleka mawe."

Kwa mama mmoja muuza chai tulipata maji ya moto. Tukajaza chupa, tukazizungushia matambara, tukaziweka ndani ya maboksi makubwa mbali kidogo na mifuko. Hayo yakapona. Ila lile lililopasuka halikushika joto. Lilikuwa na mifuko minne, na ndani yake ndiko kulikokuwa na vile vya rangi ya zambarau ambavyo nilivikata na kuvilea kwa mikono yangu mwaka mzima.

Ndipo nikamkumbuka Bahati. Alipozaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama panya buku, si ulimfunga kifuani wiki tatu, ngozi kwa ngozi, unapika naye, unalala naye? Basi nami nikaichukua ile mifuko minne, nikaizungushia tambara, nikaifunga kifuani kwa kitenge, nikavaa sweta juu yake. Mzee Shaibu akasema, "Haya mama, mnyonyeshe basi." Nikacheka.

Bado nacheka, mama mdogo huyo na beseni lake. "Tumaini! Wee! Kumbe ni wewe!" Akasimama. Akatazama kifua changu, na mikono yangu ilivyokuwa imekumbatia. Macho yake yakajaa machozi pale pale. "Ee Mungu wangu. Ni wa kike au wa kiume?"

Akakisogeza kitenge kikae vizuri, akasema, "Usimfunue, baridi itampiga." Akanitilia parachichi tatu kwenye mkoba, akaomba na dua fupi, amenishika bega. Na mimi nikasema, "Asante mama mdogo." Basi. Maneno hayo tu ndiyo yaliyotoka kinywani mwangu, na gari likaondoka.

Tunduma tulifika kwa wakati. Mpokeaji, Mbemba mmoja wa Zambia, mnene mcheshi, alipoona naivua mifuko kutoka kifuani alishika kichwa, "Mayo!" yaani mama kwa lugha yao. Akaipima joto mmoja mmoja. Yote minne ilikuwa sawa kuliko hata ya maboksi makubwa. Wiki iliyopita alipiga simu kazini kusema vipande vyote vimefunguka kama maua isipokuwa viwili, na vya zambarau vyote vinne vizima. Bosi amenisifu mbele ya watu. Nilitamani nikwambie siku hiyo hiyo.

Sasa mama, nimefika mahali pagumu. Utauliza, haya, kwenda ulikuwa na haraka, je, kurudi? Kurudi hatukuwa na haraka. Tulifika Mlowo saa nane mchana, gari tupu. Mzee Shaibu alipunguza mwendo kwenye njia ya kuja Igamba, akasema, "Tukamsalimie mama, nami nimwone." Nikamwambia twende zetu, tumechelewa. Akaongeza mwendo. Alijua hatujachelewa.

Niliogopa kushuka nyumbani kifua kitupu. Nilijua mama mdogo ameshafika kwako na umeshaanza kufagia kumpokea mtoto.

Miaka sita ya ndoa, mama. Zamani ulikuwa ukiniuliza kila Krismasi. Tangu mwaka juzi umeacha, na huko kuacha kuniuliza kuliniuma kuliko kuulizwa. Mama mdogo aliponiuliza barabarani, mbele ya watu, kwa furaha ile, nilipaswa kusema ni mizigo ya kazi. Nilijua. Nikanyamaza kwa sababu nilitaka niulizwe kidogo tu, niitwe mama kwa dakika moja pale Mlowo. Sikufikiri kwamba dakika hiyo itatembea mpaka Igamba na kukulaza na kidonda. Nisamehe. Na umwambie mama mdogo anisamehe, dua yake niliipokea kwa kweli.

Nisalimie baba mkubwa na mifugo yake. Shangazi yule wa Vwawa mwambie dawa ya macho nimempa mzee Shaibu. Wifi mwenye pacha mbusie watoto wote wawili, asibaguliwe mmoja. Wanakwaya wenzako nao wasalimie, hasa yule aliyekuwa wa kwanza kueneza habari, tunamjua.

Yusto ameomba likizo, tunakuja pamoja mwezi ujao. Tutafika wawili, mama. Bahati anasema umenunua uzi wa njano na umeshafuma mkono mmoja mdogo wa sweta. Usiufumue kwa hasira. Ongeza uzi, unifumie mimi.

Mwanao,
Tumaini