Mjomba Aliyegeuka Moshi

Kwa Mjukuu Wangu Asende,

Nakusalimu kwa heshima. Nyanya yako hajambo. Nakuandikia kujibu swali lako: kati ya lenzi mbili, ununue ipi ya kupigia picha za arusi.

Miaka ya hamsini, hapa mjini Baraka, mjomba wa bibi-arusi alidai picha ya kushuhudia mahari kabla ya kumtoa binti. Nyumba ilikuwa na giza, nikaifungua lenzi yangu wazi kabisa ili iingize mwanga. Picha ikatoka: mbuzi wa mahari katikati alihesabika ndevu, mjomba pembeni alififia kama moshi, maana lenzi ile ikiwa wazi hivyo ilitia ukungu pembeni.

“We mupiga picha! Mi nilikula mbuzi, ao mbuzi alinikula? Binti hatoki!”

Nikarudia, mjomba akiwa katikati. Safari hii bwana-arusi, aliyekaa pembeni, akageuka moshi, lakini mke alipewa.

Basi zijaribu lenzi zote mbili zikiwa wazi kabisa, ukague nyuso za pembeni. Naomba uamue: utachukua ipi?

Babu yako