Viatu Vilivyotazama Nje

Matsue, mwanzoni mwa Julai

Kwako kaka yangu Kiyotaka,

Natumai barua hii itakukuta mzima na joto la huko Tokyo halijakukausha. Sisi hatujambo, ila mvua imegoma kutuaga. Nguo tunaanika ndani na nyumba nzima inanuka soksi. Mama anakusalimu sana na anauliza kama unakula mboga. Nimemjibu kwa niaba yako kwamba unakula, kwa hiyo tafadhali usiniumbue.

Najua uliniomba nisikuandikie habari za baba. Leo nimekaidi. Soma hadi mwisho ndipo ukasirike.

Tangu astaafu kazi ya reli, baba amekuwa mtu wa kulala mbele ya televisheni. Mama humruka akipita na ufagio, na ameshamwonya kwamba siku ya kuzolewa takataka kubwa asishangae akijikuta nje. Basi Jumapili moja nilisahau chakula changu cha mchana, mama akamtuma aniletee kwenye ukumbi wa mtaa. Huko ndiko tunakochezea siku hizi mchezo ule ule mliokuwa mkiucheza chumbani kwako, wewe na Hirooka. Hirooka bado ndiye msimulizi wetu: anatupa nchi yenye mazimwi na ngome, kila mmoja anakuwa mtu ndani yake na kusema anachofanya, na dadu mbili zinaamua kama ameweza. Siku hiyo mwenzetu mmoja alikuwa na homa, Hirooka akamvutia baba kiti. Nilidhani atafoka kama zamani, kwamba hayo ni mambo ya kitoto ya Wazungu. Akaketi. Akachagua kuwa mbilikimo mhunzi, kwa sababu, alisema, huyo angalau ana kazi.

Kaka, anacheza kwa makini kutushinda sote. Tulipofika kwenye ngome ya joka, alitangaza kwamba mbilikimo wake anavua buti mlangoni. Tulicheka mpaka Ririka, mwanafunzi wa uuguzi anayecheza kama mchawi, akamwaga chai. Hirooka akamweleza kwa upole kwamba watu wa nchi hizo huingia na buti hadi kitandani.

"Hiyo ni tabia mbaya," baba akasema. "Nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu, hata akiwa joka."

Hirooka akakuna kichwa, akaiwekea ngome ile mahali pa kuvulia viatu, na sote tukaingia vitani pekupeku. Nikakukumbuka. Ulikuwa ukisema majoka haya yalitoka ng'ambo, lakini yakishakaa kwetu hujifunza kuoga kwenye chemchemi za maji moto na kula tambi za soba. Sasa yamejifunza na hili.

Jumapili iliyopita mambo yakatuharibikia. Joka lilikuwa limetuelemea, paa likaanza kuporomoka, tukakimbilia mlangoni huku tukiogopa kwamba kuhangaika kuvaa buti ndiko kutakakotuua. Baba akasema tusiwe na wasiwasi. Tulipokuwa tunaingia, alisema, mbilikimo wake alibaki nyuma akavigeuza viatu vya wote vitazame nje. Ririka akamtania:

"Mzee, kumbe ulikuwa unatufukuza tangu tunaingia?"

Wenzetu walicheka, isipokuwa Hirooka na mimi. Sisi tunaijua asubuhi uliyoondoka. Ulinipigia simu kutoka stesheni ukaniambia kwamba baada ya ugomvi wa usiku ule kuhusu kazi ya Tokyo, umekuta viatu vyako vimegeuziwa mlango, na kwamba hukuhitaji kuambiwa mara mbili.

Baba hakucheka pia. Alizitazama dadu mkononi mwake.

"Mtu hageuziwi viatu ili afukuzwe," alisema. "Anageuziwa ili asihangaike akitoka. Kijana wangu alikuwa na usaili Tokyo, treni yake ni ya alfajiri, na huyo kuamka ni shida. Usiku nilikuwa nimemtukana. Sikuweza kusema samahani, nikamgeuzia viatu."

Kisha akatupa dadu ili mbilikimo azuie lango tupite. Moja na moja, mbaya kuliko zote. Hirooka akatuachia sisi wengine tutoke salama, ila yeye akafunikwa na mawe.

Wakati wa kurudi, chini ya mwavuli mmoja, nilimwambia uliyoniambia kwenye simu. Alisimama palepale. Taa ya kuvukia ikawaka kijani, ikazimika, hatujavuka. Nililia, kaka, wala sioni haya kukuambia. Miaka yote hii kila mmoja wenu amekuwa akingoja mwenzake aombe radhi, na baba alikuwa ameshaomba.

Hirooka anasema mbilikimo bado yu hai chini ya kifusi, lakini kwa nguvu zake mwenyewe hawezi kutoka. Tutaendelea katikati ya Agosti, wiki ya kuzipokea roho za marehemu wetu, ambapo kila mtu hurudi kwao. Baba alimuuliza kama shujaa wa mchezaji aliyeacha zamani anaweza kutokea kumfukua. Hirooka akajibu kwamba yeye hajawahi kumfuta shujaa wako.

Wasalimie majirani zako, na uvae kofia juani. Baba hatakuandikia, unamjua. Ila jana alipiga deki mlangoni, kisha akaniagiza nikuambie neno moja: ukija, viatu vyako hatavigusa. Vitabaki kama utakavyovivua, vikitazama ndani.

Mdogo wako akupendaye,
Sayoko