Majina Chini ya Kitambaa

Guangzhou, Ijumaa, 1998

Mzembe kumbe mimi. Mwezi mzima namgombeza mdogo wangu Zuwena kwa simu atafute majina ya wazee, maana chama cha ukoo hakimwandikishi mtu bila maandishi. "Kaka, nyumba nzima nimeipekua," ananijibu huku analia.

Leo nimerudi kutoka soko la Zhanxi, nikafungua msahafu alionipa marehemu mama nilipoondoka Unguja. Kitambaa alichoushonea kimefumuka. Ndani ya jalada, kwa mkono wa babu, majina yote, baba kwa baba.

La mwisho langu, kaliandika mama. Chini yake kapiga mistari mitatu mitupu, ya majina ya wanangu.

Nina miaka arobaini na sita, na mtoto sina.

Zuwena nimemwomba radhi. Ile mistari sikumtajia.