Viatu Ambavyo Mama Hakupaswa Kupokea

Mjini Laurel, Alhamisi, Novemba 2006

Boksi la viatu liko juu ya kabati la mama. Sijavijaribu, ingawa ni saizi yangu kabisa.

Bwana Keller alivileta leo nikiwa mazoezini. Ni tajiri anayeifadhili timu ya riadha ya chuo kinachotaka kunisomesha bure kwa sababu ya mbio zangu. Kocha wetu wa shule alishanionya: mfadhili wa chuo akikupa hata soksi, unaweza kufungiwa usikimbie. Mama alivipokea kwa mikono miwili, akamkaribisha na chai.

"Mama, ungekataa!"

"Nimfukuze mgeni na zawadi yake? Kwani mimi nimelelewa wapi?"

"Naweza kukosa chuo."

"Kwa viatu? Nchi gani hii tuliyohamia, kupendwa nako ni kosa!"

Nilimsomea karatasi ya sheria niliyopewa na kocha, nikimtafsiria neno kwa neno. Akaketi. "Hii karatasi umekuwa nayo tangu lini, mwanangu?"

Tangu Septemba. Nilidhani ni mambo yangu na kocha tu, hayamhusu. Hilo linaniuma kuliko yote.

Kesho asubuhi tutampigia kocha tumweleze wenyewe, kabla hajasikia kwa mwingine. Akisema tumeshachelewa, sijui...

Mama amekubali virudishwe. Lakini sasa anakaanga maandazi ya kumpelekea Bwana Keller, maana anasema hawezi kumrudishia mtu zawadi yake bila chochote cha kumtuliza moyo.

Nimeisoma karatasi tena, mara mbili. Sijaona panapokataza maandazi.